Kufundisha BIM kwa wasimamizi wa ujenzi: waijue modeli kwa kuitilia shaka

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja cha ufundi hapa Tanzania. Muhula ujao nimepangiwa somo jipya la BIM, yaani kutunza taarifa za jengo kwenye modeli ya kompyuta, kwa wanafunzi 45 wa stashahada ya usimamizi wa ujenzi. Nina wiki 15, saa nne kwa wiki, na kompyuta 14 zinazowaka. Revit, programu ya kuchorea modeli hizo, nimejifundisha mwenyewe kwa video, na sijawahi kufanya kazi kwenye mradi unaotumia BIM. Nianze na programu gani, na niwafundishe nini hasa ili wakienda saiti wawe na faida?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nitaanza na sehemu ya pili ya swali lako, kwa sababu ukichagua programu kabla ya kujua unachofundisha, programu ndiyo itakayokupangia somo. Mimi ilinitokea, na waliolipa ni wanafunzi wangu.

Mwaka wa kwanza niliopewa somo hili nilitumia wiki kumi nzima kwenye Revit: jinsi ya kuweka ukuta, jinsi ya kuweka dirisha, jinsi ya kupandisha ngazi. Mwisho wa muhula kila mmoja alikuwa na nyumba ya ghorofa moja yenye vioo vinavyong'aa na miti mbele. Nilifurahi sana. Miezi miwili baadaye mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa mafunzoni kwa mkandarasi aliombwa idadi ya tofali za inchi sita za ghorofa ya juu. Akafungua modeli, akatoa jedwali, akataja idadi, na tofali zikaagizwa kwa idadi hiyo. Zikapungua. Aliyechora modeli alikuwa ameweka kuta za upande mmoja kwa aina ya ukuta iliyokuja na programu, bila kuipa jina la tofali, na jedwali lilichujwa kwa jina. Mita za mraba 40 hazikuonekana. Kwa tofali la milimita 450 kwa 230, ukiweka na chokaa ya sentimita moja, mita moja ya mraba inakula tofali tisa na kitu, kwa hiyo zaidi ya tofali 360 hazikuwemo kwenye hesabu. Mafundi walikaa siku nzima bila kazi. Kijana yule alinipigia simu akiwa na aibu, nami nikajua kosa ni langu. Nilimfundisha kuchora ukuta. Sikumfundisha kuuliza kama kuta zote zimehesabiwa.

Tangu hapo nafundisha hivi: msimamizi wa ujenzi anahitaji kuisoma modeli, kuipima na kuitilia shaka kabla ya kuitolea fedha au kuipangia watu. Kuchora ajue kiasi cha kumwezesha kuelewa makosa yanatoka wapi. Mchoraji hodari yupo, ni msanifu majengo au fundi michoro wake. Mwanafunzi wako ndiye atakayesimama mbele ya mwenye jengo na kusema zege itatosha.

Wazo lenyewe lilianza kwa mtazamo huo. Charles Eastman, mtafiti wa Marekani, alieleza katikati ya miaka ya 1970 mfumo wa kompyuta unaolitunza jengo kama mkusanyiko wa sehemu zake, kila sehemu na taarifa zake, kisha michoro na hesabu zikatolewa humo. Picha ilikuwa tokeo tu. Ukuta kwenye modeli unajijua kuwa ni ukuta, unajua unene wake, umejengwa kwa nini na uko sakafu gani, ilimradi mtu ameuambia ukweli. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo somo lako lote.

Wiki mbili za kwanza usiwashe kompyuta. Chagua jengo dogo hapo chuoni, hata stoo au ofisi ya mlinzi, wape futikamba, karatasi na penseli. Wapime urefu, unene wa kuta, upana wa milango, kina cha boriti kutoka dari. Waandike zege na tofali kwa mkono, kwa namna wanavyofundishwa kwenye somo la upimaji wa kazi za ujenzi. Hesabu hizo utazitunza wewe. Na kwa kuwa una wanafunzi 45 na kompyuta 14, gawa darasa nusu kwa nusu tangu mwanzo: maabara ikifunguliwa, nusu moja iwe humo, nusu nyingine nje na futikamba au darasani na michoro ya karatasi, wiki inayofuata wabadilishane. Wasirundikane wanne kwenye kioo kimoja, mmoja akibofya na watatu wakitazama.

Siku ya kwanza waandikie ubaoni pia kwamba BIM ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kujenga na kutunza taarifa za jengo kwa modeli, kwa sababu wengi wametoka saiti ambako boriti inaitwa bimu, na nimeshawahi kuona nusu ya darasa ikisubiri kufundishwa boriti.

Wakiingia maabara, wape kitu kidogo sana. Mimi huanza na slabu moja ya mita 8 kwa 6, unene milimita 150, yenye boriti pembeni kuzunguka, upana 230 na kina 450 ukijumlisha na slabu. Urefu wa boriti zote, kupitia katikati yake, ni kama mita 27. Kwa mkono, slabu ni mita za ujazo 7.2. Sehemu ya boriti iliyo chini ya slabu ina kina cha milimita 300, nayo inakuja mita za ujazo 1.86. Jumla 9.06. Sasa waichore wenyewe na kutoa jedwali. Kundi moja litaleta 9.06, jingine litaleta 9.99, na hapo usiseme neno. Waache wabishane.

Jibu watalipata wakikata modeli na kuangalia pembeni: boriti imechorwa kina chake chote cha 450, imeingia ndani ya slabu, na kwa kuwa vitu viwili havijaunganishwa, zege ya pale pembeni imehesabiwa mara mbili. Tofauti ni mita za ujazo 0.93. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni karibu mifuko sita ya saruji, kwenye slabu ndogo ya namna hii. Waambie wazidishe kwa jengo la ghorofa nne. Mwanafunzi aliyeliona kosa hili kwa macho yake hatasahau kuuliza, kwenye modeli yoyote atakayoletewa, kama boriti na slabu zimekatana.

Baada ya hapo wapeleke kwenye vitu ambavyo modeli haina kabisa. Waulize: mbao za kumwagia zege ziko wapi? Mirunda je? Zege nyembamba ya kusawazisha chini ya msingi? Lipu? Udongo utakaochimbwa na kurudishwa? Maji ya kumwagilia zege? Mara nyingi hakuna hata kimoja, na vyote vina bei kwenye makadirio. Kuna na upande wa kanuni za upimaji: kanuni huruhusu tundu dogo lisikatwe kwenye hesabu, wakati kompyuta hukata kila tundu, hata la bomba. Kwa hiyo namba ya modeli na namba ya mkadiriaji majenzi zinaweza kutofautiana na zote mbili zikawa sahihi. Kipindi hiki kiendeshe pamoja na mwenzako anayefundisha makadirio. Mimi nimefanya hivyo na kimekuwa kipindi bora kuliko vyote vya muhula.

Kisha migongano, yaani kutafuta mahali ambapo bomba linapita kwenye boriti au njia ya hewa inapiga nguzo. Walimu wengi hukipenda kipindi hiki kwa sababu programu hutoa orodha ndefu na rangi nyekundu, darasa likachangamka. Modeli ya jengo la kawaida inaweza kutoa mamia ya migongano, na mingi haina maana: msumari umegusa mbao, waya umepita ukutani. Kazi ya msimamizi ni kuchambua. Mpe kila mwanafunzi migongano 20 na umwagize achague mitatu ya kupeleka kwenye kikao cha saiti, aseme ni nani wa kuirekebisha na kabla ya hatua gani ya ujenzi. Bomba lililochorwa kupita kwenye boriti lazima lijulikane kabla nondo hazijafungwa. Ukilijua baada ya zege, kuna mtu ataleta nyundo na tindo.

Usiwaache waamini kwamba orodha tupu ni habari njema. Zoezi ninalolitumia ni hili. Korido ina nafasi ya milimita 300 kati ya slabu na dari, na hakuna boriti inayokatiza. Bomba la maji taka la milimita 110 linatoka chooni kwenda mita 8 mpaka kwenye bomba la kushuka. Wanafunzi hulilaza bomba, wanaendesha ukaguzi, hakuna mgongano hata mmoja, wanashangilia. Ndipo uwaulize maji yataendaje. Ukiliwekea mteremko wa 1 kwa 40, bomba linashuka milimita 200 katika mita hizo 8. Ongeza kipenyo chake cha 110, unapata 310, kabla hujaweka viungo wala vyuma vya kulishikilia. Haliingii. Modeli ilikuwa safi na choo kingeziba. Anayejua mabomba ataliona kosa hilo kwenye karatasi, anayejua programu peke yake hataliona popote.

Sehemu ya ratiba nayo ina mtego wake. Unaunganisha shughuli za ratiba na vitu vya modeli, jengo linainuka kwenye kioo siku baada ya siku kama filamu. Kundi moja niliwahi kuliwekea daraja la chini kwa filamu nzuri kuliko zote darasani. Walimwaga slabu ya ghorofa ya kwanza Jumatatu, Alhamisi kuta za juu zikaanza, na wiki hiyohiyo lipu ya vyumba vya chini ilikuwa inaendelea. Nikawauliza mpiga lipu atapita wapi, na vyumba vya chini vimejaa mirunda inayobeba zege ya siku tatu, zege ambayo nguvu yake tunaipima kwa siku 28. Mirunda haikuwemo kwenye modeli, kumwagilia hakukuwemo kwenye ratiba, basi kompyuta ikaona vyumba ni vitupu. Waagize kila shughuli isiyo na umbo, kama kusubiri zege ikomae, kukaguliwa nondo au kusubiri mzigo wa chuma ufike, waipe mstari wake kwenye ratiba hata kama haitaonekana kwenye filamu.

Ukitaka modeli kubwa ya kweli kwa mazoezi ya namna hii, faili za jengo la makazi la Schependomlaan mjini Nijmegen, Uholanzi, ziliachiwa huru kwa ajili ya utafiti. Zimo modeli za usanifu na za wakandarasi wadogo. Lakini usianze nazo. Jengo la Uholanzi lina paa na kuta ambazo wanafunzi wako hawajawahi kuzigusa. Jengo lao la chuoni kwanza.

Kuhusu utunzaji wa faili sitakuchosha, ila usiliruke. Serikali ya Uingereza ilipotangaza mwaka 2011 kwamba miradi yake itumie BIM kufikia 2016, haikuishia kwenye modeli. Ilitaka taarifa na nyaraka zote za mradi ziwe za kielektroniki na watu wazifanyie kazi pamoja. Utaratibu huo baadaye ukaingia kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitoka 2018. Kiini chake kwa darasa lako ni makabati manne: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa kwa wenzako, iliyotolewa rasmi kwa matumizi, na kumbukumbu. Yatengeneze kama mafolda kwenye kompyuta moja ya maabara, hata bila intaneti. Faili isiyo kwenye folda ya tatu haipimwi wala haijengewi. Ukikuta faili inaitwa "nyumba mwisho kabisa 2", irudishe bila kuifungua. Watalalamika wiki moja, ya pili watazoea.

Wafundishe na kiwango cha ukomavu wa kila kitu ndani ya modeli, kile kinachoandikwa kwa namba kuanzia 100. Tumia mlango. Kwenye 100 ni ishara tu kwamba mlango utakuwepo. Kwenye 200 una ukubwa wa kukadiria. Kwenye 300 vipimo na mahali pake vimeamuliwa. Kwenye 400 una kila kitu cha kumwezesha fundi kuutengeneza. Tatizo ni kwamba kwenye kioo mlango wa 200 unaweza kupendeza kuliko wa 400, kwa kuwa mtu ameuchukua tu kwenye maktaba ya programu, na kitasa chake na rangi yake. Anayeagiza milango kwa kuutazama amekwisha. Aulize nani ameithibitisha namba hiyo, na kwa maandishi.

Sasa programu. Autodesk, kampuni inayotengeneza Revit, hutoa leseni yake ya bure kwa wanafunzi na walimu, unaihuisha kila mwaka, lakini inafanya kazi kwenye Windows tu na inataka kompyuta yenye nguvu. Mashine ya kumbukumbu ya GB 8 itaifungua, kisha itaanza kukoroma. Na kijana akihitimu, leseni ile ya shule hana ruhusa kuitumia kazini, wala mkandarasi mdogo wa mkoani hatakuwa tayari kulipa ada ya kila mwaka. Kwa hiyo mimi ningefundisha kila kitu kupitia faili za IFC, muundo wa wazi unaosimamiwa na shirika la buildingSMART na ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO 16739. Programu karibu zote za BIM zinausoma. FreeCAD ni ya bure kabisa na tangu toleo lake la 1.0 la mwaka 2024 imekuja na sehemu ya BIM ndani yake. Bonsai nayo ni ya bure na inafanya mambo makubwa kwenye IFC, ila iko ndani ya Blender, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, na anayeanza atachoka kabla hajaona faida. Ningeweka FreeCAD kwenye mashine zote 14, na Revit kwenye zile chache zenye nguvu kwa wiki tatu au nne za kuchora. Pakua mafaili yote ya usakinishaji mapema, yaweke kwenye fleshi mbili, maana siku ya somo intaneti inaweza isiwepo. Na umeme ukikatika katikati ya kipindi, uwe na michoro ya karatasi tayari mezani.

Alama usizitoe kwa picha. Mimi hutoa sehemu kubwa kwa mtihani wa mdomo wa dakika kumi: namfungulia mwanafunzi modeli ambayo nimeiharibu makusudi sehemu tano, namwambia kesho tunaagiza vifaa, anieleze anaamini namba ipi na haamini ipi, na atamuuliza nani. Niliyemwona akichora polepole kuliko wote mara nyingi ndiye anayefaulu vizuri hapa. Kwa wanafunzi 45 utahitaji siku mbili na mwenzako mmoja wa kukusaidia, nazo hazipotei.

Umesema hujawahi kufanya kazi kwenye mradi wa BIM, na nimehisi kwamba jambo hilo linakusumbua. Usilifiche darasani. Unachokikosa, kitafute nje ya maabara. Kuna fundi mkuu mmoja ninayemwalika kila muhula, mzee wa zege ambaye hatumii kompyuta. Mara ya kwanza alikaa mbele, akatazama modeli ikizungushwa huku na huku, akawaacha vijana wamalize maelezo yao yote. Kisha akauliza, "Wanangu, nyumba nimeiona, ni nzuri. Kokoto nitazimwaga wapi?" Hakuna aliyejibu. Modeli ilikuwa na jengo peke yake, haina geti, haina uzio, haina mahali pa mashine ya kuchanganyia, wala tangi la maji, wala mwembe wa jirani ambao lori haliwezi kupita chini yake. Wiki iliyofuata darasa lilitoka na futikamba kwenda kupima kiwanja, na Mzee alikuwa ameshafika, anawasubiri getini.